Mohamed Amin: safari zilikuwa zake, kungoja kulikuwa kwa nyumba yake

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya shirika la Ethiopia aina ya Boeing 767 iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Haikufika. Watu watatu waliiteka njiani, wakamtaka rubani awapeleke Australia, na walipoambiwa kwamba mafuta hayatoshi hawakusadiki. Rubani akafuata mwambao wa Afrika Mashariki kuelekea kusini, kisha akaamrishwa aukate uso wa bahari. Mafuta yakamalizika, na ndege ikaanguka majini karibu na ufukwe wa kaskazini mwa kisiwa cha Ngazija, mbele ya macho ya wageni wa hoteli. Ndani mlikuwa na watu 175. Waliofariki ni 125, na mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, mpigapicha wa Nairobi aliyejulikana kwa ufupi kama Mo. Alikuwa na umri wa miaka 53. Waliosalimika walisimulia kwamba alikuwa amesimama akibishana na wale watekaji wakati wengine wamejikunyata vitini. Alifariki pamoja na mwandishi Brian Tetley, rafiki yake na mwenzake wa kazi kwa miaka mingi.

Ngazija kwetu si ugenini. Mji wowote wa mwambao huu una watu wenye shangazi, wajomba na makaburi ya mababu huko. Ndiyo maana habari ile iliingia majumbani kama msiba wa jirani, hata kwa watu ambao hawakupata kumwona Mo kwa macho.

Leo nataka kuyasimulia maisha yake, lakini kwa mlango wa nyuma, yaani kwa upande wa nyumba. Upande wa mbele unajulikana: njaa ya Ethiopia, mkono uliokatika, nishani. Nina sababu ya kuchagua huo mwingine, na nitaieleza.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila rizki imeniweka Bungoma mwaka wa sita sasa, katika kazi ya kushika hesabu. Mara mbili au tatu kwa mwezi hupanda Kitale. Katika miji hii miwili nimekutana na vijana wetu wengi wa pwani wanaoishi kwa kamera. Wengine hupiga harusi. Wengine hufuata misafara ya wanasiasa. Mwaka ukiwa wa kugawika kwa mbili, ifikapo Agosti, Wabukusu huwatahiri vijana wao, na siku hizi familia nyingi hazikubali sherehe ipite bila mkanda. Kitale nayo ni mlango wa Turkana. Wanaokwenda kupiga filamu za wanyama, za ukame na za Mlima Elgon hujikusanya pale, hununua mafuta na mikate, kisha hupotea majuma mazima. Kijana wa Kisauni au Majengo anaitwa kwa kazi ya siku kumi, inazaa nyingine ya siku ishirini, na akija kuhesabu, mwaka umepinda.

Mmoja wao ni mtoto wa mtu ninayemheshimu. Alikuwa hajafika kwake kwa miezi kumi. Ana mke na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mke alipochoka alipeleka shauri kwa Kadhi, na mama wa kijana akanipigia simu akaniomba, kama ami yake, nimkalishe nimsemeshe. Tulikutana Kitale, kwenye mkahawa ulio karibu na stendi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwamba kazi hii ndivyo ilivyo, na kwamba Mohamed Amin asingeipata Korem kama angekuwa mtu wa kurudi nyumbani kila mwezi. Nikaona anamjua Mo nusu. Safu hii ni ya ile nusu ya pili, na ni ya wote waliotundika picha ya Mo ukutani.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943, Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Kipunjabi ya Kiislamu. Baba yake alikuwa mwashi, mtu wa kuhamia inakopatikana kazi, na Mo alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoshika kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Mwaka 1963, akiwa kijana wa karibu miaka 20, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Camerapix. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa imejaa wapigania uhuru wa nchi za kusini, na mwenye kamera na miguu myepesi hakukosa kazi.

Januari 1964 serikali ya Zanzibar ikapinduliwa. Mo alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa kwanza kuingia kisiwani. Miaka miwili baadaye kamera ile ile ilimtia matatani: mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kufungwa karibu mwezi mmoja. Alipotoka, makazi yake yakawa Nairobi, na hapo ndipo Camerapix ilipokua hadi kuwa jina la kutajwa London.

Ili mtu aelewe kwa nini nyumba ya mpiga filamu wa habari haina ratiba, lazima ajue kazi ile ilikwendaje. Hapakuwa na simu ya kurushia picha. Mtu alipiga kwa filamu ya milimita 16, akaifunga ndani ya kopo, na lile kopo lilihitaji kuwahi ndege ya kwenda Ulaya, likasafishwe huko na kuonyeshwa. Habari iliyochelewa siku moja ilikuwa imeoza kama samaki. Kwa hiyo mpigapicha hakulala akingoja habari. Alilala karibu na mlango. Mo anasimuliwa na waliofanya naye kazi kuwa mtu aliyekuwa ofisini kabla jua halijatoka. Mteja wake mkubwa, shirika la Visnews la London, alipata kutoka kwake Afrika nzima ya miaka ile: mapinduzi, vita, mazishi ya wakubwa, na sherehe za bendera mpya.

Katika maisha hayo alimwoa Dolly Khaki. Mtoto wao mmoja, Salim, alizaliwa mwaka 1970. Wasomaji wengi wa vitabu vya Mo hupita juu ya majina haya mawili haraka wakimbilie Idi Amin. Mimi naomba tusimame hapo kidogo.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katikati ya Nairobi. Mo alifika mapema mno, akaingia hadi ndani ya gari la wagonjwa, akapiga filamu wakati waziri yule anakata roho. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Uingereza kuwa mpiga filamu bora wa habari za televisheni wa mwaka. Fikiri, msomaji, kilichomo ndani ya tukio lile moja. Kuna mjane, Pamela, na watoto wa Mboya ambao tangu siku ile nyumba yao haikuwa tena ile. Kuna mpigapicha anayeondoka na kopo la filamu kukimbilia ndege. Kamera huishi kwenye misiba ya majumba ya watu, na mwenye kamera hurudi kwake na harufu ya misiba hiyo nguoni. Anayemfungulia mlango ndiye anayeipokea.

Salim alipokuwa bado hajajua kusoma, baba yake alikuwa Kampala na Idi Amin. Mwaka 1972, Waasia wa Uganda walipopewa siku 90 za kuondoka, habari ile haikuwa ya mbali kwa familia yenye asili ya Punjab iliyokaa Nairobi. Mwaka 1978 kilitoka kitabu cha Mo cha picha za Hija, alichokipiga Makka na Madina, na watu wa pwani wa rika langu watakikumbuka. Enzi zile si nyumba nyingi zilizowahi kuiona Kaaba kwa rangi. Mwaka 1980 alikwenda Jeddah na mtangazaji Brian Barron, wakamkuta Idi Amin uhamishoni na kumrekodi. Mwaka 1981 kilitoka kitabu chake cha Ziwa Turkana, matokeo ya safari ndefu ya kulizunguka ziwa lile. Mwaka 1986, yeye na wenzake wakatoa kitabu cha reli ya Afrika Mashariki, reli inayotoka Mombasa yetu, ikapita Nakuru na Eldoret, ikashuka Webuye na hapa Bungoma nilipo, hadi Malaba na Uganda.

Hesabu vitabu hivyo na filamu hizo, kisha zihesabu siku. Kila ukurasa una usiku wake ambao mtu hakulala kwake. Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa hesabu hii. Bibi zetu walikuwa wake za mabaharia. Jahazi likiondoka na kaskazi, mwanamke alijua kwamba hatamwona mumewe hadi upepo ugeuke. Lakini angalia tofauti: upepo una miezi yake. Mke wa nahodha alijua siku ya kuanza kupiga udi na siku ya kuanza kuhofu. Mke wa mpiga filamu hana kaskazi wala kusi. Simu hulia saa nane za usiku, mkoba uko nyuma ya mlango, na hakuna anayejua ni siku tatu au miezi mitatu.

Oktoba 1984 ikaja kazi iliyompa Mo jina lisilofutika. Pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC alikwenda kaskazini mwa Ethiopia, Korem na Mekele, ambako njaa ilikuwa inaua watu kwa maelfu na dunia haijashituka. Picha zake zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba. Vituo vya televisheni vipatavyo 425 vilizionyesha, na inakadiriwa kwamba watu milioni 470 waliziona. Wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa kuchangisha kabla ya Krismasi, wa Marekani wakafuata, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanywa yale matamasha makubwa ya London na Philadelphia. Watu wengi walio hai leo, na watoto wao, walikula kwa sababu mtu huyu hakurudi nyumbani wiki ile. Sitalipunguza hilo hata chembe. Allah ndiye mwenye kulipa, na malipo yake hayana upungufu.

Salim wakati huo alikuwa na miaka kama 14. Umri huo mvulana humtazama baba yake ili ajue mwanamume hukaa vipi. Dunia nzima ilikuwa inamtazama baba huyo huyo.

Tarehe 4 Juni 1991, siku chache baada ya Mengistu kukimbia na waasi kuingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka nje kidogo ya katikati ya mji. Mo na wenzake walikwenda kupiga filamu, na mlipuko mkubwa zaidi ukawakuta pale pale. John Mathai, Mkenya, fundi wake wa sauti, alikufa. Mo alipoteza mkono wake wa kushoto.

Hadithi ya mkono ndiyo vijana wanayoipenda. Kwamba alipelekwa Marekani akatiwa mkono wa bandia wa kisasa, kwamba alirekebishiwa kamera, kwamba alirudi kazini wakati wengine wangetafuta pensheni. Ni kweli yote, na ni ushujaa. Jina la John Mathai halitajwi sana. Fundi wa sauti hakai mbele ya kamera wala nyuma yake. Hukaa pembeni ameshika kipaza sauti, amefungwa na waya kwa mwenye kamera, na anapokwenda yule naye huenda. Vijana wetu wengi hapa Kitale na Bungoma ni mafundi wa sauti, wabebaji wa taa, madereva na warushaji wa droni. Wakianguka, watakaowajua ni wa nyumbani kwao tu. Ndiyo maana mtu akinitajia Mo, mimi humuuliza kama anamjua Mathai.

Baada ya ajali ile Mo alikuwa na udhuru wa kutosha wa kukaa Nairobi. Kampuni ilikuwa imara. Pamoja na mengine, Camerapix ndiyo iliyochapisha Selamta, jarida la ndani ya ndege za Ethiopia. Mwaka 1992 alipewa nishani ya MBE na Malkia wa Uingereza. Mkono mmoja haukumzuia. Akaendelea kusafiri miaka mitano mingine, hadi ile Jumamosi ya Ngazija.

Salim alikuwa na miaka 26 hivi alipobaki na kampuni ya baba yake na ghala la picha na filamu zinazohesabiwa kwa mamilioni. Angeweza kuuza vyote akafanya kazi nyingine. Alivishika. Baadaye jina la baba yake likatumika kuanzisha taasisi ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kazi ya televisheni. Na mwaka 2006, miaka kumi baada ya msiba, Salim akatoa filamu kuhusu baba yake na kuhusu yeye mwenyewe, iitwayo Mo & Me, yaani Mo na mimi.

Ningependa kila kijana wetu mwenye kamera aitazame filamu hiyo. Salim hamvunjii baba yake heshima. Anamwonyesha kama alivyokuwa, mkali wa kazi, jasiri, mtu wa kwanza kufika. Lakini jina lenyewe la filamu linaeleza linalotafutwa. Mwana ana filamu zote alizopiga baba, ana saa kwa maelfu za Afrika nzima, na ndani ya hazina hiyo anatafuta ubaba ambao mara nyingi ulikuwa safarini. Alilazimika kumfuata kwa njia ambayo mzee mwenyewe aliijua, kwa kuikata na kuiunga mikanda.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kumchukua mke safarini. Historia yetu ina mfano wake. Mwaka 1921 walishuka Mombasa mume na mke Wamarekani, Martin na Osa Johnson, wapiga filamu za wanyama. Walikuwa wameoana mwaka 1910, binti akiwa na miaka 16 tu. Walizunguka visiwa vya Pasifiki pamoja, wakaja Kenya, na kuanzia 1924 wakaishi miaka kadhaa kando ya ziwa la juu ya mlima Marsabit, mume kwenye kamera na mke na bunduki pembeni yake akimlinda. Hawakutengana. Pia hawakupata mtoto. Januari 1937 Martin alikufa katika ajali ya ndege huko California. Osa alikuwamo na akatoka na majeraha. Akaendelea na mihadhara na vitabu, akaolewa tena, ndoa ile ikavunjika, akafa mwaka 1953. Sisemi kwamba walikosea. Nasema kwamba wale walilipa gharama yao kwa njia nyingine, na gharama ilikuwepo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kazi ya kamera ina deni, na deni hilo hukaa kwa jina la nyumba. Dunia huona picha na kulipa kwa sifa. Shirika hulipa kwa hundi. Miaka ya kungoja hailipwi na yeyote kati ya hao. Hulipwa na mke na mtoto, nao hawakuulizwa bei. Mo alikuwa na jambo kubwa la kuweka upande wa pili wa mizani: roho za watu wa Korem. Hata hivyo mwanawe alikaa miaka kumi akilitafuta jibu. Sasa kijana aliyekaa miezi kumi bara kwa ajili ya mikanda ya harusi na kampeni za madiwani, yeye ana nini cha kuweka kwenye mizani hiyo?

Dini yetu haikuliacha jambo hili hewani. Masheikh wetu hutusimulia jinsi Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alivyopita usiku katika mitaa ya Madina akamsikia mwanamke akilalamika kwa upweke, mumewe yuko vitani. Umar alimwendea binti yake Hafsa, akamuuliza mwanamke huweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Kutokana na jibu lake akaweka kikomo cha askari kukaa mbali na nyumba zao: miezi minne, na wapo wanaopokea miezi sita. Wale walikuwa wapiganaji, na khalifa hakusema kwamba ukubwa wa kazi yao unafuta haki ya mke. Aliipanga kazi upya ili haki ipate nafasi. Na mwanamke yule hakuambiwa kwamba hana subira.

Basi nina maneno kwa watu wa aina tatu.

Kwa kijana mwenye kamera: kabla hujaoa, mwambie binti na walii wake kazi yako ilivyo, kwa ukweli, na siku. Ndoa yetu inaruhusu masharti. Liandikwe kwamba hutakaa nje zaidi ya miezi kadhaa, na ukipata kazi ndefu zaidi mtakaa mzungumze kwanza. Ukishaoa, matumizi yapite mkononi mwa mke wako, yasizunguke kwa wengine. Na anayekuita kazini muulize kuhusu bima kabla ya kuuliza kuhusu posho, kwa ajili yako na kwa ajili ya fundi wako wa sauti.

Kwa wazazi: tunajua kufurahia fedha zinapoingia kwenye simu. Mkwe akianza kulalamika tunamwambia avumilie, mumewe anahangaika. Uvumilivu si kisima kisichokauka. Mama anayemwambia mkwewe asubiri, amwambie na mwanawe arudi.

Kwa mke: kudai haki yako kwa Kadhi si aibu wala si kumfukuza mume. Yule binti wa Kisauni nilimsikia kupitia wazee wake, na alichokitaka hakikuwa talaka. Alitaka mambo matatu: mume afike nyumbani kila baada ya miezi mitatu, fedha zije kwake mwenyewe, na kila usiku baada ya isha apige simu azungumze na mtoto, hata kwa dakika tano. Nilimpelekea kijana. Mawili alikubali papo hapo. Lile la miezi mitatu alisema atafikiri, maana Agosti ina kazi nyingi. Shauri bado liko kwa Kadhi, na mimi sina uwezo wa kumfikiria mtu yeyote. Nilichoweza ni kumkumbusha kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui Agosti.

Wengine watasema ninamtumia marehemu kuwafundisha walio hai. Ndivyo tunavyofanya na marehemu wote tuwapendao. Husomewa, huombewa, na maisha yao huwa funzo. Mohamed Amin alikuwa Mwislamu wa Nairobi aliyelelewa Dar es Salaam, aliyefungwa Zanzibar, aliyepiga picha za Hija, na aliyefia kwenye maji ya Ngazija. Ni wetu zaidi ya tunavyomtaja. Vijana wakimchukua kuwa kiongozi wao, wamchukue mzima, pamoja na nyumba yake.

Na katika mali yote aliyoiacha, ipo moja ambayo hakuipiga yeye. Alipiga wafalme, wakimbizi, mahujaji na maiti, katika nchi ambazo mtu hazimalizi kuzihesabu. Filamu ya nyumba yake mwenyewe ilibidi apigiwe na mwanawe, na wakati huo hakuwepo kuitazama.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, amrehemu John Mathai kwa rehema yake, na awarudishe salama kwao vijana wetu walioko safarini, kabla watoto wao hawajawa wakubwa wa kuwatafuta kwenye mikanda.